Mawe kwenye figo: kabla hujauliza bei, uliza jiwe lina milimita ngapi

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, "Kaka samahani, mume wangu ana mawe kwenye figo, bora mawimbi au leza?" Mawimbi ni mashine inayovunja jiwe kutokea nje ya mwili, leza wanaingia nayo ndani mpaka lilipo jiwe. Tangu niposti habari za jiwe langu mwenyewe swali hili haliishi, kwahiyo leo naliandika lote.

Nilimuuliza jiwe lina ukubwa gani na limekaa wapi, hajui, hawakuambiwa. Hapo ndo shida inapoanzia jamani.

Hospitali ya kwanza niliyoenda (jina silitaji) walipiga ultrasaundi, wakaona figo imevimba ila jiwe lenyewe hawakuliona, halafu palepale wakaniandikia mashine ya mawimbi. Utavunjaje kitu hujakiona? Nikagoma. Daktari aliniangalia kama mtu mbishi wa kijiweni na mpaka leo ile jicho sijaisahau. Nikaenda kwingine nikapigwa CT scan, hata ile dawa ya kung'arisha picha wanayochoma kwenye mshipa haihitajiki kwa kutafuta mawe, majibu: milimita 9, limekwama chini kwenye mrija unaoshusha mkojo toka kwenye figo, karibu na kibofu, na ni gumu, limepita 1,000 kwenye kile kipimo chao cha ugumu. Jiwe gumu hivyo mawimbi yanahangaika nalo. Nilikuwa sahihi!

Wakanipa tamsulosin ilegeze mrija labda lishuke lenyewe, wapi. Ikabidi leza. Wanapitia njia ya mkojo, hakuna kuchanwa popote, unapigwa ganzi unaamka jiwe limeshakuwa vumbi. Ambacho watu hawasemi ni ule mpira wanaokuachia ndani, stenti. Kila ukikojoa kiuno kinavutwa mpaka unashika ukuta, mkojo rangi ya juisi ya rosela, usiku unaamka amka tu. Siku ya kuutoa walipaka jeli ya ganzi, nikiwa macho kabisa, nikauona unavyotoka umejikunja ncha zote mbili. Sasa sikia, kuna watu wakipata nafuu hawarudi kuutoa, ukikaa humo miezi na miezi nao unaota mawe. Andika tarehe ya kuutoa kwenye simu, mwambie na mkeo.

Mawimbi siyapondi. Jiwe likiwa ndani ya figo, chini ya sentimita 2 na siyo gumu sana, unalala kwenye mashine na mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyohiyo, ila vipande utavikojoa mwenyewe na unaweza kurudia. Mjamzito hafanyiwi, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima aseme kabla. Na anayekwambia ni teknolojia mpya kabisa anakuuzia, mgonjwa wa kwanza alitibiwa Munich mwaka 1980. Likizidi sentimita 2 ndo wanakutoboa tundu dogo mgongoni wanalifuata humohumo, unalazwa, lakini kwa jiwe kubwa hiyo ndo inasafisha vizuri. Chini ya milimita 5 mengi yanatoka yenyewe kwa maji na dawa ya maumivu, usikimbilie kulipa mahela.

Vijana wenzangu tunajisahau sana, unashinda juani Dar na soda moja halafu unashangaa. Kunywa maji mpaka ukojoe kama lita 2 na nusu kwa siku, punguza chumvi, maziwa usiache, hayo ni maneno ya mtaani tu. Jiwe likitoka lipeleke maabara, yale ya asidi ya yuriki yanaweza kuyeyushwa kwa dawa bila mashine yoyote.

Ila ukiwa na jiwe halafu homa ikapanda na unatetemeka, au mkojo umekata, hapo usisome makala ya mtu, nenda hospitali usiku huohuo maana figo inaweza kuharibika haraka.

Bei sitaji, zinatofautiana mno, ulizeni bima yenu inalipia ipi kabla ya kupanga tarehe. Na wale wa kutibu mawe kwa ndimu na mafuta ya mizeituni, baba mdogo ukiwemo, komenti zenu nafuta.