CMV (kirusi kiitwacho cytomegalovirus): maswali yenu ya wiki hii

*Dokta, nina mimba ya miezi minne, nimepima CMV IgG imetoka pozitivu, nimelia usiku kucha.*

Pole, ila futa machozi. IgG ni kinga inayobaki kwenye damu, ikiwa pozitivu maana yake mwili ulishakutana na hicho kirusi, mara nyingi ni zamani, pengine ulikuwa bado unatambaa, na huku kwetu watu wazima wengi sana wanacho bila kujua, kimelala tu. Hatari kubwa kwa mtoto ni mama akiambukizwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, ya zamani nayo inaweza kumfikia ila ni mara chache zaidi.

*Mke wangu kakutwa nayo. Ndo kachepuka?*

Acha hizo kaka. Kwenye tendo la ndoa inapita kweli, lakini mate na mkojo wa watoto wadogo ndo njia yake kubwa. Si unaona hapo kwako, mtoto akibakiza uji mama anamalizia kwa kijiko kilekile, au bibi anamtafunia nyama kwanza ndo ampe? Basi hapo hapo. Mjamzito anawe kwa sabuni akishabadilisha pampasi, na busu ampe mtoto kwenye paji la uso.

*Mwanangu ana miezi 8, mlango ukibamizwa hashtuki. Yaweza kuwa CMV?*

Yaweza. Mpeleke akapimwe masikio wiki hii, habari za "atachangamka tu" achana nazo. CMV ambayo mtoto anaipata tumboni mwa mama ni moja ya sababu kubwa za uziwi kwa watoto, na wengine wanazaliwa wanasikia vizuri halafu usikivu unapotea mdogomdogo. Kuthibitisha alizaliwa nayo, mkojo au mate yanatakiwa yapimwe ndani ya siku 21 tangu azaliwe, zikipita hizo ni vigumu kujua kama aliipata tumboni au kwa hao majirani waliokuja kumbusu. Wewe zimeshapita, ila mashine ya masikio na lugha ya alama havingoji jibu la maabara.

*Nina VVU, niliacha dawa mwaka mzima, sasa naona vidoa vyeusi vinaelea jichoni.*

Nenda hospitali leo, sio kesho! CD4 (askari wa kinga mwilini) ikishuka chini ya 50 hicho kirusi cha CMV kinaamka kinakula retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na kwa vile haiumi watu wanachelewa, ikishakufa hairudi. Dawa ipo, gansiklovia, bei yake imesimama kweli, lakini ARV ndo zitakilaza tena. Usizirudie kimyakimya lakini, daktari aangalie jicho kwanza ndo apange lini uanze.