Maji Yakishaingia Mtaani, Yatatokea Wapi?

Vijana wangu, nimekuwa nikisoma rasimu zenu za mipango, nyinyi mliojiunga nasi karibuni, na karibu zote zina ukurasa unaofanana: awamu ya kwanza, maji, awamu ya pili, majitaka, fedha zikipatikana. Michoro ni mizuri, hesabu za msukumo zimenyooka, na anayesema hamkusoma atakuwa amewaonea. Lakini ukurasa huo umeninyima raha, kwa sababu najua mtaa wenyewe utakavyokuwa misimu michache ya mvua baada ya utepe kukatwa. Nazungumzia mitaa midogo ya Mombasa ambayo ramani ya mtandao wa mabomba haijaifikia, kule pembezoni mwa Kisauni, Jomvu, Miritini na Likoni: imekua yenyewe, haina hatimiliki, na lori haliwezi kupita. Huko ndiko tunakotumwa. Basi nisikilizeni kabla hamjapeleka rasimu mbele.

1. Hesabuni milango, msihesabu mabati. Picha ya setilaiti inawaonyesha mapaa tu. Nyumba ya Kiswahili, kama mnavyoijua, ina ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu, vitatu upande ule, na uani choo kimoja na bafu. Kila chumba kina mpangaji na familia yake. Aliyehesabu mapaa 50 akaandika kaya 50, huenda amezisahau kaya 250, na tangi lake litakauka kabla ya adhuhuri. Nendeni mkapige hodi. Mama mwenye chumba atawaambia mitungi mingapi siku ya kufua na mingapi siku ya kawaida. Mzee wa mtaa naye mpeni heshima yake na mumsikilize, lakini kuhusu mitungi aulizwe anayeibeba. Halafu kuna msikiti, ambao sijauona katika rasimu hata moja. Udhu ni mara tano kwa siku, Ijumaa ni zaidi, na Ramadhani kilele cha matumizi huhama kabisa: magharibi watu wanapofuturu, kisha usiku wa manane wanapoamkia daku. Ukiweka ratiba ya kufungua koki saa nne asubuhi mwezi huo, umewafungulia watu wasiohitaji.

2. Jueni maji yenyewe yanatoka wapi. Chemchemi za Mzima ziko Tsavo, na maji husafiri zaidi ya kilomita 200 kwa mteremko mpaka kutufikia. Baricho ni visima kando ya mto Sabaki, na yale husukumwa kwa pampu, kwa hiyo umeme ukikatika, Kisauni inajua siku hiyo hiyo. Marere ni ya Shimba Hills, Tiwi ni ya kusini. Ukiliunga bomba lako kwenye bomba kuu lenye maji siku mbili kwa wiki, nalo litakuwa la siku mbili kwa wiki, hata uandike saa 24 kwa wino mzito. Na kuna baya zaidi la mgao. Bomba likikaa tupu, msukumo huanguka, na palipo na ufa bomba hufyonza kilicho nje yake. Kama nje yake ni udongo uliolowa majitaka, hicho ndicho kitakachotangulia kwenye mtungi maji yakirudi. Ndiyo maana sikubali kuona maji na majitaka kwenye awamu mbili.

3. Kisima mkipimie mwisho wa kaskazi, mwezi wa Machi, ardhi ikiwa imekauka. Kikipimwa baada ya masika kitawadanganya. Huku kwetu maji matamu huelea juu ya maji ya bahari ndani ya jiwe la matumbawe, na kanuni ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 chini yake. Maana yake ni kwamba ukishusha mita moja kwa pampu, chumvi inaweza kupanda mita 40. Pampu ndogo kwa saa nyingi ni bora kuliko pampu kubwa kwa saa chache.

4. Hapa nitakaa. Nilikuwa katika timu iliyopeleka maji kwenye mtaa mmoja kando ya hori, mikoko ikianzia pale nyumba za mwisho zinapoishia. Ni mtaa wa watu wema sana. Kwenye baraza la kwanza, chini ya mwembe, Bi mmoja wa makamo aliinuka akauliza: “Na haya maji wanangu, tukishayaoga, yataenda wapi?” Kiongozi wetu akamjibu kwa adabu kwamba hilo ni la awamu ya pili. Likaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Hakuna kati yetu aliyelipigia hesabu usiku ule, na ilikuwa hesabu ya dakika tano.

Fanyeni pamoja nami sasa. Chukueni watu 1,200. Kabla ya bomba, kila mmoja anatumia kama mtungi mmoja kwa siku, lita 20, kwa sababu unabebwa kichwani au unanunuliwa kwa hamali. Hizo ni mita za ujazo 24. Maji hayo yanatumika mara mbili tatu: ya kuosha vyombo yanapigia deki, na yaliyobaki yanamwagwa barazani kutuliza vumbi. Shimo la choo halioni mengi. Leteni koki uani, matumizi yapande mpaka lita 60, ambazo si anasa. Sasa ni mita za ujazo 72. Kwa ile asilimia 80 yetu ya kawaida, ya maji yanayotumika kisha kutoka kama majitaka, karibu mita za ujazo 58 zinatafuta pa kwenda kila siku ya Mungu. Lori la ekzosta, lile la kunyonya majitaka, la mita za ujazo 10 lingehitaji safari sita kwa siku, na mtaa wenyewe mkokoteni unapita kwa kubanwa.

Maji yalifika, watu wakashangilia, nasi tukapigwa picha. Masika ya kwanza maji ya chini ya ardhi yakapanda, mashimo yakajaa, na vyoo vikaanza kurudisha. Uani kwa watu kukawa na dimbwi jeusi, watoto wanavuka kwa kukanyaga matofali kwenda madrasa. Wenye nyumba wakaita ekzosta, mpira wake haukufika. Ikabaki kutapisha kwa ndoo usiku na kumwaga kwenye mikoko, pale pale ambapo jirani zao hutafuta kaa. Mashimo mengine hayakufurika, nasi tukadhani hayo ni mazima. Kumbe yalikuwa yanavujia chini, kwenye nyufa za matumbawe. Mnaikumbuka ile kanuni ya mita 30 kati ya choo na kisima? Inafaa palipo na udongo wa kuchuja. Kwenye jiwe lenye nyufa, maji machafu hayachujwi, yanapita tu.

Siku moja tulikwenda kuchukua sampuli kwenye kisima cha msikiti. Mzee anayekitunza akatuvutia ndoo, akaiinamia, akanusa, akaimwaga polepole kwenye mchanga. Akafunga kifuniko, akapitisha mnyororo, akatia kufuli. Kisima kile kilikuwa kimewanywesha wazazi wao. Tulikuwa tumewaletea maji ya bomba ya siku mbili kwa wiki, na tumewaharibia ya siku saba.

Ningeweza kuwaambia kwamba fedha hazikutosha, na ni kweli hazikutosha. Lakini tungepunguza idadi ya koki, na kila koki ikawa na njia yake ya kutolea majitaka, mtaa ule ungekuwa salama. Hilo lilikuwa ndani ya uwezo wetu, na Bi yule alitupa swali lenyewe tukiwa na kalamu mkononi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Bomba kubwa la majitaka la kina kirefu lisahauni kwa mitaa hii: kuchimba matumbawe kwa kompresa kutamaliza bajeti kabla hamjafika nyumba ya kumi. Mabomba madogo ya kina kifupi yanayopita uani, kutoka nyumba hadi nyumba, Wabrazili wameyatumia tangu miaka ya 1980 na yanafanya kazi. Ila wao wana maji muda mwingi. Sisi tuna mgao, na siku za ukavu kinyesi hukaa kwenye bomba na kuziba. Kwa hiyo wekeni tangi dogo la kutuliza kwa kila nyumba chache, yabisi ibaki humo, na maji pekee yaingie bombani. Matangi yawe pale mpira wa ekzosta unapofika. Upimeni mpira wenyewe, msikadirie. Mwisho wa bomba pawe na matangi ya mfululizo na kitanda cha matete cha kuyachuja maji, juu ya usawa wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Na tope linalonyonywa liende kwenye mtambo wa kusafisha majitaka wa Kipevu, kwa maandishi na mwenye mtambo, si kwa ahadi ya mdomo.

5. Ardhi. Wengi huku wanamiliki nyumba lakini kiwanja ni cha mtu mwingine. Mtafuteni mwenye shamba mapema, mpate ruhusa ya njia ya bomba kabla mpimaji hajafungua vifaa. Na mtu akiwaambia kwamba wasio na hati hawastahili huduma, mfungulieni Katiba ya 2010, kifungu cha 43: maji safi ni haki ya kila mtu. Hakikutaja hati ya kiwanja.

6. Mahamali wa maji waiteni kwenye baraza. Wanajua kila bomba linapopita na kila saa maji yanapofika, na wana watoto wa kulisha. Wapeni usimamizi wa vioski.

7. Bei ipangwe kwa ukweli. Anayenunua mtungi kwa shilingi 20 analipa shilingi 1,000 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo msiseme maskini hawawezi kulipa, wanalipa kuliko wenye mita ya maji nyumbani. Ndani ya bei ya kioski tengeni kabisa senti za kunyonya matangi, ziwekwe kwenye akaunti yake, mweka hazina awe mmoja wa akina mama wa mtaa, na hesabu ibandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi. Tangi linyonywe kwa ratiba, kabla ya masika na kabla ya vuli, hata kama halijajaa. Anayesubiri lijae atampigia simu mwenye ekzosta siku ambayo mji mzima unampigia.