Pesa yenu iko kwenye bega la mtu

Mpwa wangu, ujumbe wako nimeupata, na maneno ya wajomba zako nimeyasikia. Eti nimeukata, kwa sababu mmeniona pichani huku Poland nimesimama na mwendesha pikipiki wa spidiwei, zile mbio za kuzunguka uwanja wa udongo. Na wewe sasa unataka kuacha kazi uje ushindane.

Kwanza, mimi ni fundi wake tu. Pili, hata yeye hana huo mshahara mnaousimulia. Akisaini mkataba hupewa fedha ya kujiandaa, nayo inaishia kwenye vifaa. Baada ya hapo analipwa kwa pointi. Wanakimbia wanne, mizunguko minne, dakika moja hivi imekwisha: wa kwanza 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hana kitu. Katika hizo pointi ananunua mwenyewe injini na matairi, anamlipa mtaalamu wa kuzinoa hizo injini, anajaza gari mafuta, ndipo anikumbuke mimi. Mechi ikivunjwa na mvua, tumesafiri usiku kucha bure.

Sasa mnauliza mbona mwezi huu kimya. Mwendeshaji wangu kavunjika mtulinga, mfupa wa begani! Kwao ni kama mafua: anawekewa chuma, wiki chache yuko juu ya pikipiki. Wiki hizo mimi nakula nini, na ninyi niwatumie nini? Bado miezi ya baridi, Novemba mpaka Machi, hakuna mashindano. Baridi yenyewe nimeizoea. Kuhesabiwa na ninyi pesa ambayo mtu mwingine hajaipata, hilo sijalizoea.

Usije. Pikipiki hizi hazina breki, zina gia moja, injini ya 500 cc. Kona unaingia kwa kuteleza, mguu wa kushoto umevaa kiatu cha chuma. Vijana wa huku wanaanza wakiwa watoto, wewe una ndevu. Darcy Ward wa Australia alikuwa na kipaji cha kutisha. Mwaka 2015 alianguka Zielona Góra, huku huku Poland, akapooza. Ndiyo, yupo Bartosz Zmarzlik, bingwa wa dunia mara kadhaa tangu 2019, naye hana shida ya pesa. Wewe utakuwa Zmarzlik wa nani?

Ila ufundi, mwanangu, una mikono mizuri. Ukija kwa hilo nitakupokea, utalala kwangu. Jifunze kuimwaga methanoli, mafuta ya pikipiki hizi, yote baada ya mechi, maana ikilala ndani inakula chuma, na ikiwaka mchana mwali hauonekani, unashtukia ngozi inaungua. Saa sita usiku, vidole vimekufa ganzi, unaosha matope, kisha unaendesha gari kwenda Sweden kwa mechi ya Jumanne. Yeye kapanda ndege.

Lakini usiache kazi kwanza. Waambie na wajomba: Ijumaa anarudi uwanjani. Akipata pointi nitatuma.