Taa za swichi zikizimika kwenye gari la zamani, usikimbilie kununua balbu

Gari likishapita miaka ishirini, taa ndogo zilizo ndani ya swichi huanza kufa moja baada ya nyingine, kimyakimya. Kwenye Carina Ti yangu ya mwaka 1999 ilitangulia swichi ya hazadi, ile ya kupepesa indiketa zote kwa pamoja kutoa tahadhari, ikafuata paneli ya AC upande mmoja, halafu herufi za gia. Mchana huoni tofauti, maana jua la Dodoma linaingia mpaka chini ya kiti. Usiku ndipo unajikuta unapapasa.

Wengi huliacha giza hilo likae. Gari si linatembea? Kwangu mimi swichi ya hazadi peke yake inatosha kumfanya mtu ashike bisibisi. Barabara ya Morogoro ina malori usiku kucha, na lori lililokufa njiani mara nyingine limewekewa matawi ya miti tu. Ukilikuta ghafla, unataka kumwashia hazadi anayekuja nyuma yako bila kuanza kutafuta kitufe kiko wapi. Msimu wa mvua, kuanzia Desemba, ni hivyohivyo kwa kitufe cha kupasha kioo cha nyuma.

Kabla ya duka la spea, jua kwanza una giza la aina gani. Gari likiwa mahali penye kivuli kizito, au usiku, washa taa ndogo za nje, zile za maegesho. Kama swichi zote zimezimika kwa pamoja, na spidomita nayo giza, balbu usizilaumu: si rahisi ziungue zote siku moja. Tazama kile kigurudumu kidogo cha kupunguza mwanga wa dashibodi, kama gari lako linacho. Anayefuta vumbi anaweza kukishusha mpaka mwisho kwa kitambaa bila kujua, na hapa kwetu vumbi linafutwa kila siku. Kizungushe mwanzo hadi mwisho mara kadhaa, kwa sababu hata kikiwa juu kinaweza kuwa kimechafuka ndani na kushindwa kupitisha umeme.

Kisha fyuzi. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile mwanga wa swichi unapita kwenye fyuzi iliyoandikwa TAIL, ileile ya taa ndogo na taa za nyuma. Nyingine zina ya pili iliyoandikwa PANEL. Kwa hiyo shuka ukatazame nyuma ya gari. Taa za nyuma zikiwa zimezimika nazo, jibu umelipata, na trafiki hatakuwa wa kwanza kukuambia. Ukiweka fyuzi mpya ikaungua tena, kuna waya unagusa bodi mahali fulani. Anza kutafuta nyuma ya redio, hasa kama ilifungwa mtaani baadaye. Usiizidishie ampea ili ikome kuungua. Ukifanya hivyo, kitakachoungua ni waya.

Swichi moja ikiwa giza na jirani zake zinawaka, hiyo sasa ni balbu. Hapo utamsikia fundi: "Bosi, hii tunabadili swichi nzima." Mwambie asubiri. Swichi nyingi za magari hayo zina balbu yake kwenye kishikio kidogo cha plastiki kinachoingia kwa nyuma. Unakizungusha robo mzunguko kwa bisibisi bapa nyembamba, kinatoka.

Kazi yenyewe iko kwenye kufungua, na hapa ndipo magari yetu yanapoharibiwa. Plastiki ya dashibodi iliyopigwa jua miaka yote hii imekauka, na asubuhi za Juni na Julai, mji ukiwa na baridi yake, klipu hukatika ukiigusa tu. Mimi hufungua saa nne au saa tano, gari likishakaa juani kidogo, plastiki ikalegea. Kama gari lina eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ajali ikitokea, toa kwanza waya wa hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na usukani. Ndio muda ambao Toyota yenyewe huutaja kwenye vitabu vyake vya ufundi. Waya zenye soketi za njano usizichokoe, hizo ndizo za eabegi.

Tafuta skrubu zote kabla ya kuvuta. Huwa zinajificha nyuma ya kisanduku cha majivu, chini ya redio, au juu ndani ya fremu. Fremu ikigoma kutoka, ipo skrubu hujaiona, nguvu hazisaidii. Funga ncha ya bisibisi kwa selotepu ili isikwaruze, ingiza pembeni, nyanyua kidogo, hamia klipu inayofuata. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa soketi yoyote.

Humo ndani utakuta vumbi jekundu la miaka mingi. Lisugue kwa brashi kavu ya rangi, huku umeinamisha fremu lidondoke nje. Upepo wa kwa fundi wa pancha siupendi kwa kazi hii. Unalisukuma vumbi mpaka ndani ya swichi, na mara nyingi unakuja na maji.

Sasa balbu. Ya swichi ni ndogo, kama punje ya mtama, na mara nyingi imevishwa kofia ya mpira ya kijani au ya rangi ya chungwa. Kofia hiyo ndiyo inayoupa mwanga rangi. Ivue taratibu. Kama haijapasuka, utaivalisha balbu mpya. Kioo kikiwa cheusi, uzi umeungua kwa umri. Kioo kikiwa safi na uzi umekatika, barabara mbovu inahusika. Huoni vizuri? Ipime kwa mita ya umeme: isiyosoma chochote imekufa. Ikiwa inasoma lakini kwenye gari haiwaki, sugua vigusio vya kishikio kwa raba ya penseli kabla ya kutoa hela.

Dukani nenda na balbu ya zamani pamoja na kishikio chake. Watu husema tu "nipe ndogo ya dashibodi", na hapo safari mbili zinaanza. Kuna T5, ambayo ni kioo kitupu kinachochomekwa, na kuna zenye kitako cha plastiki cha kuzungusha, T3, T4.2 na T4.7. Namba hizo ni kipenyo kwa milimita, na tofauti ya nusu milimita inatosha kuifanya isikae. Wati ziwe zilezile, kwa kawaida 1.2 au pungufu. Yenye wati kubwa inayeyusha kofia na kuibabua swichi. Ukikosa hapa mjini, Kariakoo na Gerezani za Dar es Salaam zipo, na mzigo mdogo namna hiyo unakuja kwa basi.

Nunua za swichi zote za eneo ulilofungua, hata zinazowaka. Zilianza kazi siku moja na zimewaka saa zilezile, na hakuna raha ya kuifungua fremu ile tena baada ya mwezi kwa ajili ya balbu ya jirani. Kila kufungua kunakula klipu.

Vijana watakuambia weka LED. Sina ugomvi nazo, ila zina masharti. Zina chanya na hasi, kwa hiyo isipowaka igeuze kabla ya kusema ni mbovu. Humulika mbele zaidi kuliko pembeni, wakati paneli nyingi za AC zinategemea mwanga unaosambaa pande zote ili uingie kwenye plastiki angavu inayoupeleka kwenye alama. Ukiweka LED humo unaweza kupata doa kali katikati na kingo giza. Nyeupe nyuma ya kofia ya rangi ya chungwa hufifia, kwa kuwa LED nyeupe haina wekundu mwingi. Chagua ya rangi ya chungwa kabisa. Za bluu mimi sizitaki. Usiku mrefu wa kwenda Singida zinachosha macho, na gari linaonekana kama baa.

Kabla ya kurudisha fremu, unganisha betri uwashe taa uone kila kitu, ukikumbuka kwamba hazadi huwa ina mwanga wa usiku na mwanga wa kupepesa, wakati mwingine kwa balbu mbili tofauti. Injini ikiwaka, pima pia volti za betri. Kati ya 13.5 na 14.5 ni sawa. Ikipanda 15 na zaidi, altaneta inachaji kupita kiasi, na balbu mpya zitaifuata njia ya zile za kwanza. Hilo lishughulikie kabla ya kufunga.

Zinazobaki ni swichi za vioo mlangoni. Nyingi taa yake imelehemiwa kwenye bodi ndani, na kama huna mkono wa kulehemu, mpelekee fundi redio au tafuta swichi ya gari lililochinjwa. Ukienda kuinunua, chukua betri ndogo ya volti 9 na nyaya mbili, uguse miguu ya swichi inayopeleka umeme kwenye taa kabla hujalipa, halafu ugeuze nyaya na ujaribu tena iwapo ni LED. Ikiwaka hafifu, kwenye gari itawaka vizuri. Isipowaka kokote, mrudishie.