Mwenye Nyumba Akifariki, Makubaliano ya Mdomo Huenda Naye

Kwa miaka tisa nilikuwa mpangaji katika nyumba ya Kiswahili pale Ngamiani, Tanga, yenye vyumba sita vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja, na jiko, bafu na choo vikiwa uani. Leo nina vyumba viwili ninavyopangisha Makorora, hapa hapa Tanga, kwa hiyo nimekuwa mtoaji wa kodi na sasa ni mpokeaji. Ninayoyaandika hapa yamenigharimu, na ningependa yasimgharimu mwingine.

Mwenye nyumba wetu alikuwa bibi mjane, mkweli na mcha Mungu, ambaye hakuwahi kupandisha kodi bila kutuita barazani na kutueleza sababu. Masika ya mwaka 2016 bati la juu ya kitanda changu lilianza kuvuja. Wakazi wa pwani wanaijua kazi ya hewa ya chumvi: kutu huanzia kwenye tundu la msumari, hutanuka taratibu kama doa la kahawa kwenye kitambaa, na siku moja ukiinua macho mchana unaona mwanga wa jua mahali palipokuwa na bati. Nilikwenda kumwamkia na kumweleza, naye akanijibu, "Tengeneza, mwanangu, tutakatana kwenye kodi." Nilinunua bati sita na mbao, nikamlipa fundi, na jumla ikafika shilingi 165,000. Kodi yangu wakati huo ilikuwa shilingi 35,000 kwa mwezi, na kwa kuwa nilikwisha kulipa miezi sita mbele, makato yalibidi yasubiri malipo yanayofuata. Kabla ya siku hiyo kufika, bibi alifariki.

Baada ya arobaini walikuja watoto wake watatu, kila mmoja kwa wakati wake. Mkubwa alitaka kodi apelekewe yeye, wa pili akatuarifu kwamba nyumba itauzwa, na binti yao akatuomba tusimlipe mtu yeyote mpaka familia ikae kikao. Nilipotaja habari za bati, walitazamana. Siwezi kusema walikuwa watu wabaya, kwani hawakuwepo tulipozungumza, nami sikuwa na karatasi yoyote isipokuwa risiti ya duka la vifaa vya ujenzi, ambayo haikutaja nyumba wala makubaliano. Fedha ile niliipoteza, lakini kilichoniuma zaidi ni kuonekana kana kwamba namsingizia marehemu.

Ndipo nilipoanza kuuliza sheria inasemaje. Upangaji Tanzania Bara unaongozwa hasa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Ile sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na ndiyo maana leo kiwango cha kodi ni mapatano ya pande mbili. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi inayo masharti yanayohesabiwa kuwa yamo katika mkataba hata kama hamkuyaandika. Mwenye nyumba anawajibika kumwacha mpangaji akae kwa utulivu bila kubughudhiwa, na anapopangisha sehemu tu ya jengo, basi paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia za pamoja ni mzigo wake. Mpangaji naye hulipa kodi kwa wakati, hutunza alichokabidhiwa, humruhusu mwenye nyumba kuingia na kukagua kwa saa zinazofaa, hapangishi mtu mwingine bila ridhaa, na akiondoka hurudisha chumba katika hali aliyokipokea, ukiondoa uchakavu wa kawaida. Kumbe bati lile lilikuwa jukumu la bibi tangu mwanzo. Haki nilikuwa nayo, ila ushahidi sikuwa nao.

Nyumba za urithi si chache Ngamiani, na hapa ndipo ningemsihi mpangaji awe makini kuliko mahali pengine popote. Dalali akikupeleka kuona chumba, kabla hujatoa hata fedha yake ya udalali, uliza nani mwenye mamlaka ya kusaini. Ikiwa mwenye nyumba ni marehemu, anayeruhusiwa kupangisha ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na si vibaya kumwomba kwa adabu akuonyeshe barua yake ya usimamizi. Kuwa mtoto wa kwanza, au kuishi katika nyumba hiyo, hakumpi mtu mamlaka hayo. Na ikiwa kifo kimetokea wewe ukiwa ndani, mkataba wako haufi: msimamizi anayerithi haki ya kupokea kodi anarithi pia ahadi zilizoandikwa. Warithi wakivutana, usichague upande. Nenda nao ofisi ya serikali ya mtaa, muandike kodi itapokelewa na nani hadi msimamizi apatikane.

Mkataba usainiwe na mashahidi wa pande zote mbili na ulipiwe ushuru wa stempu, kwa sababu bila hivyo haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe. Nyumba yenye mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, iandikiwe utaratibu wa kuchangia umeme, tena muitaje kodi ya jengo inayotozwa na serikali, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, na mpangaji anayeikatwa ana haki ya kuizungumzia.

Nilipokuwa mwenye nyumba, nami nilikaribia kukosea. Mpangaji wangu mmoja, mvuvi, alipitisha miezi miwili bila kulipa, nami kwa hasira nikanunua kufuli ili nifunge mlango wake akiwa hayupo. Mzee mmoja wa mtaani alinikuta nalo mkononi akaniuliza, "Huyo umempa notisi?" Sikuwa nimempa. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja, na kumfungia nje au kumtolea vyombo ni kuvunja ule utulivu ambao sheria imemhakikishia. Mkishindwana, mwende kwanza Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na limepewa siku 30, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sisi hatukufika huko. Tuliketi barazani, akanieleza kwamba kusi ilikuwa imechafua bahari na chombo hakikutoka, tukaandika jinsi atakavyolipa kidogo kidogo, na akamaliza deni lote.

Siku hizi, kabla ya kumkabidhi mtu funguo, tunaingia naye chumbani mchana, tunatazama bati, dirisha, kitasa na swichi, kisha yeye mwenyewe anaandika alichokiona, pamoja na nani atatengeneza nini na fedha zitarudi vipi. Tunasaini nakala tatu. Moja anabaki nayo, ya pili naweka mimi, na ya tatu nampa binti yangu, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa siku nitakapokuwa sipo.