Breki ya pikipiki ya theluji inayozama mkononi
Ikiwa mkono wa breki unazama hadi kugusa usukani, kisha unakazana kidogo ukiubana mara kadhaa, yaelekea upepo umeingia kwenye mafuta ya breki. Fungua kikopo kilicho juu ya usukani uyatazame: yakiwa yamegeuka kahawia, yamezeeka na kuvuta unyevu, nayo huchemka mapema diski inapopata moto, kwa hiyo yaondoe yote, utie mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kutoka chupa isiyowahi kufunguliwa, ndipo utoe upepo kupitia skrubu ya kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, mpaka viputo vikome. Pedi zilizolowa mafuta hazisafishiki, zibadilishe. Nakusihi, usiiendeshe kabla mkono wa breki haujawa mgumu kabisa.