Figo zimeshindwa, mapafu yana saratani, na korona ipo: tusubiri?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba ana miaka 63, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Sasa amegundulika na saratani ya mapafu iliyosambaa. Ndugu wanasema kemo itammaliza, tungoje korona ipite. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba. Kwanza hilo la kungoja. Baba yako anatoka nyumbani mara tatu kila wiki apende asipende, maana mashine haiahirishwi. Kumnyima tiba ya saratani hakumfichi na korona. Kunaipa saratani nafasi tu.

Dawa za kemo zipo, ila si zote zinamfaa. Sisplatini huumiza figo, tunaiacha. Pemetreksedi haishauriwi uchujaji wa figo ukiwa chini ya mililita 45 kwa dakika. Kaboplatini inawezekana, na hesabu yake hata wewe unaiweza: chukua uchujaji wa figo, ongeza 25, zidisha kwa kiwango cha dawa ambacho daktari analenga kwenye damu. Baba tunamhesabia uchujaji sifuri, kwa hiyo kiwango kikiwa 5 anapata miligramu 125. Mwenye figo zinazochuja 100 angepata 625! Ukiona karatasi yake ina mia sita na kitu, uliza kabla dripu haijafunguliwa. Tena mashine yenyewe huichota dawa hii mwilini, ndiyo maana saa za kusafishwa baada ya dozi hupangwa mapema. Nimewahi kukuta vitengo viwili, cha saratani na cha mashine, kila kimoja na kalenda yake, mgonjwa katikati. Wakutanisheni.

Pembrolizumabu, inayoamsha kinga ya mwili, ni rahisi zaidi kwake. Haitegemei figo, wala chujio la mashine haliitoi, hivyo dozi haipunguzwi. Hutolewa miligramu 200 kila wiki 3 au 400 kila wiki 6. Wakati wa korona mimi ningeomba hiyo ya wiki 6. (Angekuwa amepandikizwa figo ningesita, kwani kinga ikiamka inaweza kuikataa.) Ulizeni pia kama kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe kimepimwa vinasaba, huenda akafaa vidonge vya kumeza nyumbani.

Akianza kukohoa na kuhema, msikimbilie kusema ni korona. Huenda maji yamejaa mwilini, hasa kama uzito umepanda kilo kadhaa na akilala chali anabanwa. Huenda pia ni mapafu kuvimba kwa sababu ya pembrolizumabu. Apimwe korona siku hiyohiyo, apigwe picha ya kifua, na kitengo cha mashine kipigiwe simu kabla hajafika, wamtengee kitanda cha peke yake.